Punda wa Yosefu Amejikwaa

"Hivi hapo kwako watoto wanajifunza piano au wanatengeneza taa?" Aling Sidra, mama jirani, alimwuliza Mwalimu wa piano siku moja. Mwalimu alicheka tu. Pale San Roque, kwa desturi ya huko, Septemba ikiingia, Krismasi imeshabisha hodi, naye hutandaza mianzi na karatasi za rangi za kutengenezea taa za Krismasi sakafuni karibu na piano. Mtoto akipiga mstari mmoja sawasawa, hubandika pembe moja ya taa yake yenye umbo la nyota. Vidole vyenye gundi Mwalimu huvifuta kwa leso mbichi, kimoja kimoja, bila kukemea. Na mtoto akikosea, humwinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Punda wa Yosefu amejikwaa, hebu mwinue," na mtoto huurudia mstari huku akicheka.

Amihan peke yake hakucheka. Tangu bibi yake azikwe, alikuwa akija, anakaa kwenye kiti cha piano na kuikalia mikono yake. Jumamosi moja mama yake alisimama mlangoni akasema, "Asipopiga leo, Mwalimu, simleti tena. Tunakuchosha bure." Mwalimu hakumbembeleza mtoto. Aliketi ubavuni pake, akaanza wimbo wa Noeli polepole, kwa mkono wa kushoto tu, zile sauti nzito za chini.

"Wimbo gani huo hauna kichwa?" Amihan akanong'ona.

"Huku juu alikuwa akipiga bibi yako, kila mwaka, mimi na yeye," Mwalimu akasema, mkono wake ukiendelea. "Nishikie upande wake, mwanangu."