Kabla Mji wa Mimba Haujavimba

Mimba yangu ilipotoka nikiwa likizoni Tlawi, kijijini kwa wakwe zangu, mama mkwe alinihamishia kibanda cha pembeni, akanitengea sahani na kikombe. Ndiyo desturi ya huku kwetu: mwanamke aliyepoteza mimba hachangamani na watu, hasogelei mifugo wala shamba la jirani, mpaka miezi yake ya kutengwa iishe. Mume wangu alikuwa Hanang, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Huyo hakuna aliyemuuliza alishika nini hata mimba ikatoka. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na maabara ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili. Nisiporudi, nafasi yangu angepewa mwingine.

Nikasema narudi. Mama mkwe alisimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, akatoa lililokuwa moyoni.

"Wewe unapasua matumbo ya panya majike. Umejiletea mwenyewe."

Nilikasirika, na sikuficha. Nilikuwa nimechoka kulaumiwa kwa kitu nilichokililia. "Ngoja, mama," nikamwambia, "nikueleze kazi yangu, halafu unilaumu ukiwa unajua."

Nikamweleza. Panya aliyetolewa ovari, mji wake wa mimba hunywea ukatulia. Mchome sindano ya estrojeni, homoni ya kike, na kwa macho huoni kitu mpaka saa kadhaa zipite, uanze kuvimba. Lakini ndani ya chembe hai zake kazi imeanza zamani, hata saa moja haijaisha: maagizo ya jeni yananakiliwa, na nakala hizo ndizo RNA. Tukimpa dawa ya kuzuia kunakili, mji wa mimba haukui, hata umwage homoni debe zima.

"Kwa hiyo mwili hufanya kazi kabla mtu hajaona," nikasema. "Wangu ulifanya, hata kama mimba haikukaa. Sikuua mtu. Jumatatu naondoka, hata kama kijiji kizima kitanipa mgongo."

Nilitegemea matusi. Yeye akaja akaketi kwenye majani, karibu yangu kuliko inavyoruhusiwa.

"Mimi zilitoka tatu kabla sijampata mume wako," akasema. "Waliniambia tumbo langu ni jiwe."

"Lilifanya kazi, mama. Mara zote tatu."

Hakulia. Aliuliza basi la Jumatatu linapita saa ngapi, kisha akasema begi langu atalibeba yeye, tutembee wawili katikati ya barabara, na anayeogopa apishe.