Mzigo wa Susu wa Mbooni

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni. Najua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuangalia saa, nikihesabu kama tutafika kwenye gari kabla ya giza. Jua lilikuwa bado linachoma mgongo. Nasema haya mapema usije ukadhani ni mambo ya usiku, ya mtu aliyeona kisiki akatimua mbio. Mimi ni mfanyabiashara wa ndengu mjini Mwingi. Sinywi pombe. Na sipendi visa ambavyo msimulizi hana cha kukuonyesha. Hiki nina cha kukuonyesha.

Nianze na mke wangu. Mwikali alikuwa na miaka arobaini na moja na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili kabla ya hiyo zilitoka, zote hospitalini. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwikali, baada ya miaka kumi na sita ya ndoa, alikuwa bado Mwikali, na kila kikao cha akina mama kanisani kilimkumbusha hivyo. Muuguzi wa kliniki alimwambia atembee kiasi, apate hewa, ila asiinue kitu kizito kuliko birika la chai.

Ndiyo maana tulifunga duka siku mbili. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengine nimejisomea nikiwa kaunta, hasa habari za Wakamba wa kale. Miaka mingi nilikuwa nimemwahidi Mwikali kwamba nitampeleka kupaona mahali ninaposoma habari zake. Ijumaa tulienda kwenye mwamba wa Nzambani, Kitui. Wanasema mwanamume akiuzunguka mara saba anageuka mwanamke. Niliuzunguka mara moja, polepole, nikitazama nyufa. Mwikali alikuwa amekaa kivulini akicheka.

"Mzee, usizidishe! Nani atanibebea magunia?"

Jumamosi tulivuka hadi Makueni tukapanda milima ya Mbooni. Gari tuliliacha sokoni kwa sababu njia ya juu ilikuwa imeliwa na mvua. Nilitaka kuona ithembo, kichaka cha mikuyu ambako wazee wa zamani walitoa sadaka wakiomba mvua. Kichaka hicho hakikatwi. Hata ukuni mkavu ulioanguka wenyewe hauokotwi. Nilivua viatu nikaingia. Mwikali alibaki njiani.

"Mimi Yesu ananitosha," alisema. "Wasalimie, lakini usije nao nyumbani."

Ndani hapakuwa na mtu. Nilikizunguka kichaka chote, na njia ya kuingia ni moja tu. Nikatoka, nikavaa viatu, tukaanza kushuka. Ndipo tukasikia hatua nyuma yetu, kutoka kule nilikotoka.

Alikuwa bibi kizee, mzigo wa kuni mgongoni, ameinama mpaka uso unatazama vidole vya miguu. Aliubeba kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hufungia mzigo na kuupitisha kwenye paji la uso. Mama zetu walioubeba maisha yao yote wana bonde juu ya nyusi. Lake lingemeza kidole changu.

Alisema kwa Kikamba, bila hata salamu, "Mama Kyalo, nipokee mzigo."

Hatukuwa na Kyalo. Hatukuwa na yeyote. Lakini Mwikali tayari alikuwa amenyoosha mikono, maana ndivyo tulivyolelewa: mwanamke mdogo akikutana na mkubwa mwenye mzigo, anapokea. Kukataa ni aibu, na yeye ni mtoto wa nyumba yenye adabu. Nilimshika mkono.

"Leta, susu," nikasema. Susu ni nyanya kwa Kikamba. "Nitabeba mimi."

"Wewe? Tangu lini ndume akavaa mukwa?"

"Tangu leo."

Alicheka. Hakuwa na jino hata moja. "Haya. Lakini mzigo huu hautuliwi njiani. Utatua nikikwambia."

Kwa macho zilikuwa kuni za kilo ishirini. Niamini ninaposema najua uzito. Gunia la ndengu la kilo tisini nalipeleka begani bila kusaidiwa. Huu ulikuwa mzito kuliko gunia, na kila kona ulizidi. Tena ulikuwa na joto, kama mtoto aliyelala mgongoni. Je, ungefanya nini? Mimi nilitaka kuutua. Nilikunja magoti, na papo hapo Mwikali akashika tumbo akasema, "Uui!" Nikasimama. Maumivu yakaisha. Mbele kidogo nikalegea tena, naye akashika tumbo tena, safari hii akapiga goti. Hapo sikuhitaji kuelezwa. Niliuma meno nikaendelea.

Penye kituo cha boda boda vijana watatu waliacha kupiga gumzo. Mmoja akapaza sauti, "Wazee, oneni huyu! Ameinama hivyo anabeba nini?"

"Anabeba hewa," mwingine akajibu.

"Buda, umetoka Nzambani nini? Umezunguka ngapi?"

Walicheka mpaka mmoja akalalia pikipiki yake. Mwikali akawauliza kwa hasira kama hawaoni kuni, wala huyu nyanya.

"Nyanya gani, mathe? Si mko wawili tu?"

Mwikali alikuja karibu yangu akaweka kiganja mgongoni pangu, juu ya kuni ambazo sisi wawili tulikuwa tunaziona, na hivyo ndivyo tulivyoteremka hadi njia panda ya sokoni. Nyuma yangu sauti ikasema, "Hapa panatosha. Tua."

Nilichuchumaa nikatua. Nilipogeuka hapakuwa na bibi, wala kuni, wala mukwa. Mwikali alikuwa ananitazama usoni. Akanigusa juu ya nyusi, na kidole chake kikazama.

Bonde hilo ninalo hadi leo. Daktari wa ngozi aliligusagusa akasema alama kama hiyo hutokana na kubanwa miaka mingi, labda thelathini. Akaniuliza nimefanya kazi gani. Nikasema nauza ndengu. Akina mama wazee wanaokuja dukani hulitazama, kisha hutazamana. Mmoja aliniuliza wazi, "Wewe, nani alikufunza?"

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kiume, akilia kwa nguvu. Kwa desturi angechukua jina la baba yangu. Nilimweleza baba yote, akaniomba niiname, akanipapasa paji la uso, akasema jina lake litamsubiri wa pili. Kwa hiyo kanisani sasa wanamwita mke wangu Mama Kyalo.

Nikuonye basi. Ukiwa milimani na mkeo, na mtu akamwita kwa jina la mtoto asiyezaliwa, usimwache anyooshe mikono. Nyoosha yako. Usiulize ni kazi ya nani, wala nani atacheka, na usiutue mpaka uambiwe.

Tulikuwa tumeweka akiba ya kumlaza hospitali endapo mambo yangeharibika kama mara mbili zile. Bado iko kwenye simu yangu, haijaguswa: shilingi elfu themanini na mbili.