Kigoda cha Mzee Kipyegon

Kimeli alikuwa na miaka arobaini na saba, umri wa ajabu kidogo. Wachuma chai wake pale Sosiot walimwita mzee, na wazee wa kanisa bado walimtuma maji ya kunywa. Yeye hakulalamika. Mtoto kwa mzazi hakui, na babake alipokuwa hai Kimeli aliupenda utoto huo mpaka mvi zikamkuta humo humo.

Babake, Mzee Kipyegon, alifariki Januari 1994. Mwezi wa Agosti wageni wakaja kutoka Kipkelion kumposa Chepkemoi, bintiye Kimeli.

Siku hiyo Kimeli hakutulia. Alifunga mbwa, akabeba mabenchi, akachungulia kama mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, yatatosha. Ndivyo alivyofanya alipoposwa binti yake mkubwa: baba alikalia kigoda cha miguu mitatu, akakohoa mara mbili na kuwafungulia wageni neno, naye Kimeli akahudumu. Basi wageni walipokwisha kuketi, akasimama jikoni kungoja mazungumzo yaanze.

Hayakuanza. Mgeni wa posa hasemi haja yake kabla mwenye boma hajamkaribisha kwa neno. Asipolipata, huondoka, na posa imekufa.  Kule sebuleni mgeni mmoja aliiokota fimbo yake. Chepkemoi akamtazama babake, machozi yakimlenga.

"Kwani wanangoja nini?" Kimeli alimnong'oneza mamake, Elmina, aliyekuwa akisonga ugali.

"Wanangoja wewe."

"Mimi? Mama, si kuna wazee huko ndani?"

"Hao ni majirani. Hii boma ni ya nani? Enda ukae, Kimeli."

Tusifiche, aliogopa. Aliingia akipangusa mikono kwenye suruali, akapita mabenchi yote aliyoyabeba mwenyewe, akafika kwenye kigoda. Alipoinama kukikalia magoti yalilia, na wote wakasikia. Kwa mazoea akatazama mlangoni, labda mwenye kigoda anakuja. Hakuja mtu. Kimeli akakohoa mara mbili.

"Hii boma haijafungwa," akasema. "Semeni kilichowaleta."

Fimbo ikarudi sakafuni. Chepkemoi akafuta macho, akacheka kidogo.

Kule jikoni Elmina alikaa juu ya kuni, mwiko mkononi, ugali ukiungua. Tangu Januari alikuwa hajaisikia sauti ile nyumbani mwake.