Nilimuachia Baba Mukwe Ashinde

Mimi njo nilimuharibu baba mukwe wangu. Si pombe, si wanawake, si wachawi wa ng'ambo ya muto Lukuga kama ndugu zake walivyosema. Ni mimi, kwa adabu yangu.

Jina langu muliache. Nikilitaja, mutaa wetu wote pale Kalemie utacheka tena, na walikwisha kucheka vya kutosha. Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa kijana wa biro, wa ofisi, kazi yangu kupiga mashini ya kuandika, nina mashati mawili, na moyo wangu wote ulikuwa kwa Feza. Feza alikuwa binti wa Papa Kasongo, mashinisti wa treni aliyepumzishwa kwa uzee. Kufika kwa Papa Kasongo kulikuwa na mulango mumoja tu: meza yake ya poka.

Musishangae. Alifundishwa poka zamani na Mugiriki mumoja mwenye duka, akaipenda kuliko chakula. Kila siku ya Mungu, tukitoka misa, alitandika kitenge juu ya meza ndani ya parseli yake, mbele ya nyumba, akakaa na abakosi, ile koti isiyotaka tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamutoka, utafikiri anamungojea gavana. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na jirani yake tuliyemuita Mwalimu, kwa sababu alikuwa anafundisha hesabu.

Tulicheza kwa vizibo vya bia. Kila kizibo kilikuwa ni kikombe kimoja cha ndagala, samaki wadogo wakavu. Pesa ya siku zile ukiiweka mufukoni asubuhi, jioni imekwisha nguvu. Ndagala angalau inanuka, unajua kama iko.

Na poka yetu ilikuwa ya kipimo. Huwezi kusukuma vizibo vyako vyote katikati ili umutishe mwenzako. Kabla ya kubadilisha karata unapandisha dau kwa kizibo kimoja. Ukishabadilisha, kwa viwili. Na kupandisha ni mara tatu, basi. Mwalimu alikuwa ananieleza kila mara, kama vile niko darasani kwake: "Poka ya kipimo haiui muntu ghafula. Inamumaliza polepole, kizibo kwa kizibo. Anayeshinda ni yule anayejua kutupa karata mapema, na siku akiwa nazo nzuri hasahau kupandisha kila nafasi."

Papa Kasongo kutupa karata na kukubali kushindwa hakujua. "Treni hairudi nyuma," alisema. Mambo ya uongo. Treni inarudi nyuma vizuri sana, na yeye mwenyewe aliirudisha nyuma pale stasioni miaka mingi. Lakini nani angemuambia?

Si mimi. Kwetu baba mukwe haangaliwi usoni. Unakaa upande, unainamisha macho, unaitika "Ndiyo, Papa". Huo njo bukwe, na mimi nilikuwa bado namutafuta Feza, basi adabu yangu ilikuwa mara mbili. Nikainamisha macho. Na macho yakiinama chini ya meza, yanakuta miguu.

Miguu ya Papa ilikuwa inasema yote. Akiwa na karata nzuri, ilitulia. Akiwa anadanganya, kidole gumba cha mguu wa kuume kilipanda na kushuka ndani ya sandali, hakipumziki. Kisha wiki tatu kupita nilikuwa nazijua karata zake karibu kuliko yeye mwenyewe.

Na ule ujuzi niliufanyia nini? Nilitupa karata. Nina wafalme watatu mukononi, yeye anapandisha, kidole kinacheza, na mimi natupa. "Papa, munanizidi." Alivuta vizibo kwa mikono miwili, kisha anaita kwa sauti ya kusikika kwa majirani: "Feza, muletee huyu mutoto chai, nimemumaliza." Feza anakuja na chai. Sasa niambieni ninyi wenyewe, kijana gani angechagua vizibo?

Mwalimu aliona. Siku moja tukiwa tunarudi akaniuliza, "Ule mukono wa mwisho ulikuwa na nini?"

"Pea ndogo tu."

"Uongo. Ulikuwa na karata za kumumaliza. Sikia, kijana. Meza ni ya watu watatu. Mumoja akitupa kwa ajili ya mapenzi, mimi njo ninayelipa." Halafu akacheka, hakuwa muntu wa kinyongo. "Mwanamuke utamupata. Lakini huyu muzee utamufikisha pabaya."

Nikaona ni wivu wa muntu anayerudi nyumbani bila ndagala.

Kufika siku ya kutaja mahari, Papa akasema pesa hataki, pesa inaoza. Alitaka mifuko makumi tatu ya simenti ya kiwanda cha Kabimba. Niliitafuta mwaka na nusu. Niliuza kinga yangu, nikaanza kwenda kazini kwa miguu, niliwaandikia watu barua kwa mashini ya biro saa ya chakula. Nikaileta yote. Tukaipanga juu ya mbao ndani ya salo yake, mpaka mugeni akiingia anaingia kwa ubavu. Kilichobaki ni baba wadogo wa Feza kutoka Kongolo. Wao walikuwa waje na treni wakati wa kiangazi, waione mahari kwa macho yao, kisha ndoa iwekewe siku. Desturi yao ilikuwa hiyo: mahari isiyoonwa na baba wadogo haijafika.

Sasa mufikirie muzee mwenye mifuko makumi tatu ndani ya salo, na miaka miwili ya kushinda. Alianza kuwaza.

Pale muji kulikuwa na mufanyabiashara mumoja, Mama Zabibu, muuza simenti. Nyuma ya duka lake kulikuwa na meza kubwa. Pale walikaa wenye mabato ya ziwani na wachuuzi wa Kigoma. Poka ilikuwa ile ile, kipimo kile kile. Tofauti ni moja: kwa Mama Zabibu kizibo hakikuwa kikombe cha ndagala. Kilikuwa mufuko wa simenti.

Siku ya posho, kesho yake ni ya Mungu, mchana tukitoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha muji, Papa akaja kwangu na abakosi yake imepigwa pasi. "Ninaenda kwa Mama Zabibu. Utanisindikiza. Unaonaje, nitawaweza?"

Ndugu zangu, pale njo dhambi yenyewe iko. Yale mengine yote nikiulizwa mbinguni nitajitetea kidogo. Hili hapana. Mudomo nilikuwa nao. Njia ilikuwa ndefu, hatukuwa na muntu mwingine. Na mahari yangu mwenyewe ilikuwa inaenda kukaa juu ya meza. Nikasema, "Papa, nani atawaweza ninyi?"

Alifurahi, akatembea mbele yangu kama anaenda kupokea medali.

Mama Zabibu alikuwa mwanamuke wa miwani iliyofungwa kwa uzi, kikapu cha karanga kwenye mapaja, anamenya. Papa akauliza kwa huruma, "Mama naye anacheza?"

"Ninajifunza, Papa."

Tungekuwa na akili tungekimbia pale pale. Mimi nilikalia debe karibu na mulango. Papa alishinda mukono wa kwanza, mifuko mitatu, akanigeukia ili nione. Niliona.

Kisha nikaona kitu kingine. Papa akipandisha, Mama Zabibu anatupa karata, anamenya karanga. Anapoteza mufuko mumoja, hajali. Mukono mwingine, anatupa tena. Halafu karata zinamujia, na hapo anapandisha, anapandisha, anapandisha, mara tatu kamili, bila furaha, kwa sauti kama ya muntu anayeomba chumvi. Na Papa anafuata kila mara, mpaka mwisho. Kwa nini asifuate? Mimi njo nilimufundisha kwamba akikaza, wenzake wanakimbia. Kwenye ile meza hakuna aliyekuwa anamutafuta binti wake.

Kisha nusu saa kupita karanga moja ikaanguka. Mama Zabibu akainama kuiokota. Akakaa kule chini muda kidogo, muda mrefu kuliko karanga moja inavyohitaji. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Nikajua amekutana na kidole.

Jua lilikuwa bado juu wakati mifuko makumi tatu ilipokwisha. Mukono wa mwisho Papa alikuwa na malkia wawili, akapandisha nao kama vile ni jeshi. Mama Zabibu akafunua kenda tatu, akapangusa maganda mikononi.

"Papa," akamuuliza kwa upole kabisa, "poka munacheza na nani nyumbani?"

"Na mukwe wangu. Ninamushinda kila siku ya Mungu, huu mwaka wa pili."

Mama Zabibu akaniangalia pale kwenye debe langu. Akaniangalia tena. "Basi mukwe wenu anawapenda sana."

Meza yote ikacheka. Papa naye akacheka, maana alifikiri ni sifa. Alielewa tukiwa karibu na daraja. Alisimama katikati ya njia, kinga zinatupita.

"Ulikuwa unatupa?"

Nikainamisha macho.

"Niangalie." Neno hilo baba mukwe hamuambii muntu. Nikamuangalia, mara ya kwanza, na niliogopa sana. "Ulikuwa unatupa?"

"Ndiyo, Papa."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Akaendelea kutembea. Nikamufuata nyuma mpaka kwake.

Siku ya kwanza ya juma watu wa Mama Zabibu walikuja na musukumo wa magurudumu mawili kuchukua simenti. Ilibebwa kwa safari kumi, na kila safari watoto wanahesabu kwa sauti. Baba wadogo wa Kongolo wakatumiwa habari kwamba mahari iko njiani. Na mimi nikaitwa, nikahukumiwa kwa maneno machache: "Ile simenti ulinishikisha tu, hukunipa. Lete ingine."

Nikaleta ingine. Mwaka mwingine na miezi miwili. Nilipakia mifuko Kabimba kwa mugongo wangu wakati wa konji, siku zangu za kupumzika kazi, mimi muntu wa biro, mpaka nikikohoa vumbi linatoka. Na Feza aliningojea, lakini si kwa kunyamaza.

"Ulijua atashindwa?"

"Nilijua."

"Na ukamuambia nani atawaweza?"

"Ilikuwa adabu, Feza."

"Sawa. Basi ukiniambia unanipenda, nayo ni adabu?"

Wiki nzima alinisalimia kama muntu wa kodi. Alinirudia kidogo kidogo. Hata leo nikimusifu kitu, ananiangalia kwanza usoni, kisha miguuni. Na watu wakimuuliza ni kweli bwana wake alilipa mahari mara mbili, anasema mara ya pili njo ilikuwa bei yake ya haki.

Ndoa ikafungwa. Baba wadogo walikuja, wakaigonga mifuko kwa fimbo, wakakubali. Nikafikiri mambo yamekwisha.

Siku ya Mungu iliyofuata Papa akaniita. Kitenge kiko mezani, vizibo vimepangwa, Mwalimu amekaa. Papa amevaa abakosi yake.

"Sasa umekwisha kuoa," akasema. "Hauna tena kitu cha kutafuta kwangu. Cheza."

"Papa..."

"Cheza kama ninavyochezewa na muntu asiyenijua, niliyekutana naye kwenye bato."

Nilimuangalia Mwalimu, naye akaangalia karata zake. Basi nikacheza. Papa akiwa na karata, ninatupa mapema. Akiwa hana, ninapandisha mara tatu. Kikombe kwa kikombe nikamumaliza, kama vile ninamuibia. Chai haikuitwa. Kizibo chake cha mwisho kilipokuja upande wangu nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kuomba musamaha, nikifikiri atapiga meza.

Hakupiga meza. Alikuwa anaviangalia vile vizibo.

"Ile miaka yote," akasema, "kuko hata siku moja nilishinda kweli?"

"Mulishinda, Papa. Zaidi ya mara moja."

Akainua kichwa, na niliona alikuwa anataka sana kuniamini. "Siku gani?"

Nikafungua mudomo. Nikatafuta. Na zilikuwako, nawaapia, siku alizokuwa na karata kubwa kuliko zangu, siku ambazo hata ningepigana angenishinda. Lakini nilitupa karata siku zote sawasawa, na zote nilizisifu kwa neno lile lile. Hakuna hata moja niliyoishika kichwani. Papa alinipa muda. Alingoja kweli, mikono juu ya kitenge, kama muntu anayengoja kurudishiwa kitu chake.

Sikuwa nacho.

Akakunja kitenge. Karata akamusukumia Mwalimu: "Uwafundishie watoto hesabu." Miaka aliyobaki nayo, siku za Mungu kisha misa alikaa mbele ya mulango wake, anaitika salamu za wapita njia. Wachezaji wengine walikuja kumuita. Aliwaambia yeye hajui kucheza.

Ninyi mulio na baba mukwe, au babu, au mukubwa wa biro anayependa kushinda, munisikie. Mumupe kiti. Mumupe kipande kizuri cha nyama. Mumuitike kwa magoti kama ni desturi yenu. Ushindi musimupe. Ule mutakaomupa utachanganyika na ule alioupata kwa akili yake mwenyewe, na siku akiwaomba mumurudishie hata mumoja tu, wa kushika mukononi, mutakaa mbele yake mudomo wazi kama mimi.