Kupiga Randa Kiti cha Baba

Kiti cha baba kilikaa kwa fundi hapa Malili muda mrefu kuliko kitanda chochote alichowahi kutengeneza, na hakuna wa kulaumiwa ila mimi, maana nilishindwa kuamua. Fundi huyo ni kijana wa maneno mengi. Karakana yake imetazamana na barabara ya Mombasa, na kila nikipita kwenda dukani kwangu alikuwa ananipigia kelele, "Mathe, tupige randa ama tusipige? Hiki kiti kimenimalizia space!" Namjibu kesho. Anacheka, kwa kuwa keshazijua kesho zangu.

Ni kiti cha mbao ya mti wa mukau, kirefu, kipana, chenye pa kuwekea mikono. Baba alikichongesha Mwingi enzi zile akifanya biashara ya mbuzi, akakileta nyumbani kwetu Kanyangi juu ya lori. Miaka ilikipiga vibaya. Mguu mmoja wa nyuma ulilegea, egemeo likapasuka, na rangi ikawa ya chai iliyolala. Lakini pale mbele pa kuwekea mikono, vidole vya baba vilipokuwa vinatulia, mbao ilikuwa imelika ikaacha vibonde viwili laini vinavyong'aa bila vanishi yoyote. Ni jasho lake tu, na mikono yake.

Sisi watoto hatukukikalia kiti hicho. Sikumbuki mtu yeyote akitukataza. Ulikua tu ukijua. Baba akiwa safarini, kiti kilibaki sebuleni kitupu, na hata wageni wajae mpaka wengine wakalie madebe, hakuna aliyekigusa. Mimi, nikiona sebule haina mtu, nilikuwa nasimama kando yake na kuingiza vidole kwenye vile vibonde. Baba hakuwa mtu wa kushikana mikono na watoto. Hapo ndipo nilipomshika.

Sasa baba hayupo, na mdogo wetu wa mwisho amepata mchumba. Siku ya ntheo ikawa inakaribia, siku ambayo upande wa mwanamume huleta mbuzi, na watu wakishakula nyama msichana anahesabiwa wa kwao. Mama yangu, ambaye sisi humwita Mwaitu, akaniambia nikichukue kiti nikipeleke kwa fundi. Nilifurahi. Nikadhani anataka mguu ukazwe na ule ufa utiwe gundi. Kiti kilikuwa kimeshafika Malili aliponipigia simu.

"Umemwambia fundi atoe zile alama za mikono?"

"Mwaitu, hizo ni alama za baba!"

"Najua ni za nani. Apige randa yote, asiache kitu."

Akakata simu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo wateja wangu walinikoma. Nilishindwa kumwelewa. Anaona haya mbele ya wakwe? Wakwe wenyewe wanatoka ng'ambo ya mto, viti vyao tunavijua. Au anataka kumsahau mumewe? Wazo lililonichoma zaidi lilikuwa la baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye siku hizi akija anajipa mamlaka kama mwenye boma. Nikajiambia kiti kinapigwa randa ili yeye ndiye akikalie siku hiyo. Nikafunga duka nikaenda Kanyangi kugombana.

Nilimkuta Mwaitu uani, amekaa kwenye kigoda chake, anapepeta ndengu. Hakushangaa kuniona. Nikamwaga yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Akapepeta mpaka nikaishiwa pumzi.

"Baba yako mdogo ana kwake," akasema. "Nataka kukaa mimi."

"Kukaa wapi?"

"Kwa kiti. Hiyo siku ya wageni. Mtoto ni wangu, nimezaa mimi. Nitakaa hapa chini kama mtu wa kupika?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Nikajaribu kumkumbuka Mwaitu akiwa kwenye kile kiti, hata mara moja, hata akiwa mgonjwa. Sikumpata. Kila mahali kwenye kumbukumbu zangu yuko chini, kwenye kigoda, au amesimama na sufuria.

"Si ukae tu vile kilivyo?" nikamuuliza.

"Kile ni cha mwenyewe. Nikiweka mkono pale nitasikia mkono wake. Nitainuka tu."

"Kwani alikuwa mbaya kwako?"

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kipumbavu. "Baba yako alikuwa mzuri sana. Hajawahi kunipiga, hajawahi kuninyima. Lakini hakuwahi kuniambia, keti hapa."

Nilirudi Malili kichwa kimevurugika kuliko nilivyotoka. Nilimpenda baba, na bado nampenda, na sasa nikawa namkasirikia kwa ajili ya kiti, halafu najikasirikia kwa kumkasirikia marehemu ambaye labda hakujua. Au alijua? Mchana namwona akinichekea, jioni namwona amekalia kiti chake huku mama amechuchumaa na bakuli la maji ya kunawa, na ni baba yuleyule. Nikimpa mama kiti, baba ananitoka mikononi. Nikimshika baba, mama anabaki chini. Nilitamani kuwe na viti viwili.

Siku za kabla ya ntheo zilipokaribia kwisha nikaenda kwa fundi nikamwambia, "Piga." Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, apige tu. Ile sauti ya randa ilinifuata mpaka dukani, nikamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine.

Kiti kilirudi Kanyangi cheupe, kinanuka vanishi, hakimjui mtu. Tukakiweka mahali pake. Mwaitu alinawa mikono, akavua leso ya kazi, akakizunguka mara moja, kisha akakaa. Alikaa wima kabisa. Hapo ndipo tulipoona kwamba miguu yake haifiki chini. Ilining'inia, na ndala moja ikamdondoka. Baba alikuwa mrefu, na Mwingi walichonga kwa kipimo chake.

Nikadhani atainuka. Hakuinuka. Aliitazama miguu yake, akanitazama mimi.

"Na hii miguu ya kiti," akasema, "akate."

Nilitaka kumwambia inatosha sasa. Badala yake nilipiga magoti mbele yake, nikapima kwa shubiri kutoka kwenye nyayo zake hadi sakafuni.