Kunguni wa Zulia la Posa

Leo nacheka, lakini siku ile pale Maguu ningeonyeshwa shimo ningeingia mwenyewe na udongo nikajifukia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kumwagika soko la Mbinga, nami natafuta zawadi ya kupeleka ukweni, maana Editha nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakishuki, na kwao Maguu ni baridi (sisi wa Liuli, huku ziwani Nyasa, hata shuka tunalipiga teke), basi nikaona zulia la sufu, jekundu, zito, nikalinunua papo hapo. Baba Mdogo, mshenga wangu, akasema, "Lichemshe kwanza, ulianike." Nikaogopa litachuja. Nikalikunja hivyo hivyo, tukapanda milima.

Ukweni, kama mjuavyo, mposaji hufunga mdomo, msemaji ni mshenga. Nikaufunga kweli, mpaka bibi yake Editha (ndiye mwenye neno la mwisho nyumba ile) alipojitanda zulia mabegani akasema, "Aa, joto lake!" Kichwa kikanivimba. "Bibi," nikasema, "Waingereza, mtu akistarehe hivyo, husema ametulia kama mdudu ndani ya zulia." Baba Mdogo akanikanyaga mguu, wapi! Nikaendelea kueleza kwamba alinifundisha mwalimu wetu Mwingereza kule Liuli, kwamba kwa lugha yao maneno hayo yana vina ndiyo maana yamedumu, na kwamba zamani zulia kwao lilikuwa blanketi zito la kitandani, mdudu mle ndani ana joto, ana chakula, hana shida na mtu.

"Mdudu gani?" bibi akauliza.

"Mdudu tu, bibi. Ni msemo."

Akapeleka mkono shingoni polepole, akachomoa kitu, akakiweka juu ya kucha. Kunguni! Mnene huyo, kavuka bahari bila pasi.

"Msemo wenyewe ndio huu?"

Mama mkwe akaanza kutoa viti nje, hata nilichokalia. Baba mkwe akasema, "Chukueni mzigo wenu mwende." Editha alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga, nikajua nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Zulia linabaki," bibi akasema. "Na wewe Mnyasa, kateke maji."

Nikateka mtoni safari nne na suti yangu ya posa, nikachochea moto, nikalichemsha zulia kwenye pipa uani, huku majirani wanaotoka kuchuma kahawa wakisimama kuuliza, "Mkwe ndiye huyo?"

"Bado," bibi akawajibu. "Tunamchemsha kwanza."

Jioni zulia lilikuwa limechuja mpaka rangi ya waridi. Bibi akalinusa, akamgeukia baba mkwe: "Kaharibu, kafua. Mpeni mke."

Nimeapa: mtumba hauingii kwangu bila kuchemshwa, na ukweni mdomo wangu ni wa kulia ugali tu. Bibi alijifunika zulia lile mpaka alipofariki, Editha akalirithi, tunalo hapa Liuli kwenye joto lote hili, kazi yake kuanikwa tu. Na kila ninapolikung'uta natamani, jamani, nimsikie tena bibi akiniuliza, "Mdudu gani?"