Kiti cha Karibu na Choo

Ziggy Pawlak hakuwahi kumsifu mchezaji aliyekuwa bado uwanjani. Kwake mchezaji mzuri ni yule aliyestaafu, na mzuri zaidi ni marehemu. Kila Jumatatu saa kumi alasiri, msimu wa mpira ukishaanza, alisukuma mlango wa baa ya Bi Jadzia kwa bega, akakung'uta theluji kwenye viatu kana kwamba hata theluji ilikuwa imemkosea, akaketi katikati ya meza ndefu.

"Wazembe," alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Sisi wengine tulisogeza glasi kumpisha. Cleveland ya miaka ile ilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, timu ya besiboli na timu ya kikapu, na zote tatu zilipokezana kutuvunja moyo kama ndugu wanaopokezana zamu kitandani kwa mgonjwa. Viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Asubuhi ziwa lilitoa ukungu wa rangi ya chuma, na mtu aliyekuwa hana kazi ya kwenda alikuwa na jambo moja tu la kulijua kuliko jirani yake: nani apangwe kwenye kikosi, nani auzwe, nani hakustahili hata kubeba maji. Tuligombana juu ya hayo kwa ukali ambao hatukuthubutu kuuonyesha kwa waliotufukuza kazi.

Ziggy alikuwa ameendesha winchi katika kiwanda cha chuma kwa miaka thelathini na mmoja. Kukaa juu kule, akiwaona watu wote vichogo na mabega, nadhani ndiko kulikompa ile tabia. Mkewe, Irene, alikwenda kwa dada yake Toledo kwa wiki mbili na hakurudi tena. Tulipomuuliza, Ziggy alikunywa bia yake hadi chini.

"Ametoka robo ya tatu," alisema.

Maana hilo ndilo lililokuwa kosa lisilosameheka katika dini yake. Aliyetoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho hakuwa na timu. Ziggy ndiye aliyetunga sheria hiyo, mwaka mmoja tulipochapwa vibaya kwenye baridi ya kugandisha mate, na yeye akabaki na watu wachache mpaka wafagiaji walipokuja. Aliyetoka mapema angekaa kwenye kiti cha karibu na choo kwa misimu mitatu, na katika misimu hiyo asitamke neno juu ya timu: si kikosi, si kocha, si mechi za mtoano. Anywe, alipe, aende zake.

Tulicheka alipoitunga. Tuliendelea kucheka hata Laddie Hruska alipoangukiwa nayo.

Laddie alikuwa fundi wa mabomba, mtu mpole, mwenye masikio makubwa yaliyokuwa mekundu tangu Novemba hadi Machi. Yeye na Ziggy walinunua tiketi zao za msimu siku moja, miaka ya ujana: Ziggy safu ya ishirini na mbili, Laddie nyuma yake hasa, safu ya ishirini na tatu. Kwa miaka thelathini Laddie alitazama mpira kwa kuchungulia pembeni mwa kofia ya Ziggy. Kisha Jumapili moja, wakati wa mapumziko, akainuka akaondoka, kwa sababu mkewe alikuwa hospitalini na yeye mwenyewe moyo ulikataa kutulia. Mkewe alifariki Jumanne. Ziggy alikwenda mazishini, akabeba jeneza upande wa mbele, akalia. Jumatatu iliyofuata akamwonyesha Laddie kile kiti.

"Ziggy, mwenzio kafiwa," alisema Bi Jadzia.

"Najua. Nimembeba marehemu kwa mikono hii. Mgonjwa alikuwa na madaktari wanne. Timu ilikuwa na nani?"

Kuna aliyecheka. Kama ningesema hakuwa mimi ningekuwa nasema uongo. Laddie alichukua glasi yake akaenda kukaa, na mlango wa choo ukawa unamgonga goti kila tulipopita. Alikaa pale msimu wa kwanza, akakaa wa pili. Uwanjani aliendelea kwenda, nyuma ya kofia ile ile, bila neno, na hakuinuka tena kabla ya filimbi.

Msimu wa tatu wa adhabu yake ndio tulioingia mechi za mtoano. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa timu mbili zilizokuwa juu yetu zilifungwa siku moja, lakini tuliingia. Desemba nzima meza ilikuwa inawaka. Cleophus Tate, dereva wa basi la mji, alisema tunakwenda mpaka mwisho. Ziggy alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Mpaka mwisho wa nini, Cleophus? Mrushaji wetu ana mkono wa bibi harusi. Kocha anasoma mchezo kama mtu anayesoma bili ya gesi. Na pale mbele anasimama Kabati."

Kabati lilikuwa jina alilompa namba sitini na saba, mlinzi wa mstari wa mbele, kijana mnene kutoka mashambani ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasimfikie mrushaji. Ziggy alimwita hivyo kwa sababu, alisema, kila mtu humfungua na kupita. Kwa miaka sita, kila Jumapili, kutoka safu ya ishirini na mbili, sauti yake ya winchi ilishuka mpaka uwanjani: "Kabati! Funga mlango, Kabati!" Wengine waliapa kwamba wamemwona namba sitini na saba akigeuza shingo.

"Huyo Kabati wako ndiye bora kwenye mstari wote," Cleophus alisema.

"Na mimi ndiye mrembo kuliko wote humu ndani."

Jumapili ya mechi upepo ulitoka ziwani ukiwa na meno. Tiketi hazikuisha, kwa hiyo, kwa sheria ya ligi, televisheni haikuruhusiwa kuonyesha mechi mjini kwetu. Tulisikiliza redio kwa Bi Jadzia, tukila pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani, na kulaani. Walioweza kwenda walikuwa Ziggy na Laddie tu, kila mmoja kivyake.

Yaliyotokea safu ya ishirini na mbili tulikuja kuyajua baadaye, nayo ni haya. Robo ya mwisho ilianza tukiwa nyuma kwa pointi ishirini. Namba sitini na saba alisukumwa chali, mrushaji akagandamizwa hadi bega likateguka, mpira ukaporwa. Ziggy akasimama. "Mizoga," alisema, akaitupa kahawa yake chini, akapanda ngazi akaenda zake. Alikuwa kituo cha basi aliposikia mngurumo wa kwanza. Akadhani watu wanazomea. Akasikia wa pili. Wa tatu ulipokuja alikuwa tayari anakimbia kurudi, mzee wa miaka sitini na mmoja juu ya barafu, na mlinzi wa geti akamwekea mkono kifuani.

"Ukitoka umetoka, mzee wangu."

Akasimama nje, ukuta wa matofali mbele yake na ziwa nyuma yake, akasikia ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yetu ukipita juu ya kichwa chake.

Jumatatu saa kumi alasiri alisukuma mlango kwa bega kama kawaida.

"Wazembe," alisema, lakini kwa tabasamu, na meza ikalipuka kwa vicheko. Bi Jadzia alimpa bia ya bure. Tulikuwa tumeshaanza kubishana kama wiki ijayo aanze mrushaji wa akiba, aliyetuokoa, au yule wa kawaida, iwapo bega lake lingepona.

"Tuambie, Ziggy. Redio ni redio. Wewe ulikuwepo," alisema mtu.

Yeye akatuambia. Alisema kijana wa akiba aliingia akiwa mtulivu kama karani wa posta. Alisema mdakaji aliinuka kati ya walinzi wawili, ukadhani amesahau kurudi chini. Alisema mwamba wa goli ulitikiswa na upepo, na mpira wa mwisho ukapita ndani kwa upana wa kiganja. Alisimulia vizuri. Cleophus alikuwa na gazeti la asubuhi mapajani, na nilimwona anafuatisha kwa kidole.

"'Mtulivu kama karani wa posta,'" Cleophus alisoma. "'Ungedhani amesahau kurudi chini.' Ziggy, ndugu yangu, hii habari umeiandika wewe?"

Ziggy alijipangusa povu mdomoni.

"Gazeti limeandika kilichotokea," alisema Ziggy. "Ulitaka niseme kingine?"

"Nilitaka useme kimoja tu ambacho hakimo humu."

"Nilitetemeka baridi. Limo hilo?"

Watu walicheka, lakini si kwa sauti ile ya mwanzo. Kisha vichwa vikageuka polepole, vyote, kuelekea mlango wa choo. Laddie alikuwa amekaa pale na glasi yake juu ya goti. Mtu mmoja tu chini ya jua alikuwa ametazama kichogo cha Ziggy Jumapili nzima, au kutokuwepo kwake, na mtu huyo alikuwa amekatazwa kusema.

"Laddie," alisema Cleophus, "jana kiti cha mbele yako kilikuwa na mtu?"

"Yuko kwenye adhabu," Ziggy alisema upesi. "Msimu haujaisha."

"Si umruhusu? Wewe ndiye mwenye sheria. Neno moja tu, akusafishe, tuendelee kunywa."

Ninakumbuka mkono wa Ziggy ukizungusha glasi juu ya meza, ukiacha pete za maji. Angemfungua Laddie mdomo, angepoteza meza. Angemfunga, kila mtu angejua kwa nini. Miaka yote ile ya kutuhukumu kutoka juu, na sasa winchi ilikuwa imemning'iniza yeye.

"Sheria ni sheria," alisema.

"Hapa kwangu?" Bi Jadzia aliweka kitambaa chini. "Baa ni yangu, choo ni changu, kiti ni changu. Laddie, sema utakalo."

Laddie hakuharakisha. Masikio yake yalikuwa mekundu. Sauti aliyoitoa ilikuwa na kutu.

"Mimi jana sikwenda kumtazama Ziggy," alisema. "Nilikuwa natazama mpira."

Ziggy akashusha pumzi. Wengine tukanung'unika, tulitaka damu. Lakini Laddie hakuwa amemaliza. Akageuza kiti chake kutazama meza, na bila kumwangalia mtu akaanza kutusimulia mechi, ile ambayo haikuwa gazetini. Jinsi mzee mmoja wa safu ya kumi alivyovua meno yake ya bandia na kuyapunga. Jinsi ambavyo, pointi za mwisho zilipoingia, watu hawakupiga kelele kwanza, walivuta pumzi, uwanja mzima, hata akausikia upepo. Viti vilianza kusogea upande wake. Ziggy alibaki katikati ya meza ndefu, na hakuwa na pa kwenda, kwa maana kuinuka kungekuwa kutoka tena.

"Filimbi ilipolia," Laddie alisema, "wachezaji wote waliingia ndani isipokuwa mmoja. Namba sitini na saba. Alikuja mpaka ukutani, chini yetu kabisa, kofia mkononi, uso una damu. Akatazama juu, safu yetu. Akauliza..."

Akanywa. Akafuta mdomo.

"Akauliza nini?" alisema Ziggy.

"Akauliza, 'Yuko wapi yule mzee anayeniita Kabati?'"

Ziggy alikuwa ameinuka nusu, mikono yote miwili juu ya meza. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuuona ukifunguka kwa Irene wala mbele ya jeneza.

"Alinitafuta mimi?" alisema. "Alitaka kusema nini? Laddie. Halafu?"

Ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe: aliyekuwepo asingeuliza. Tulimwona akiyasikia. Neno lilikuwa limeshatoka, na geti limeshafungwa nyuma yake.

Laddie alisimama, akachukua glasi yake, akakiacha kile kiti wazi. Alipofika kwenye meza ndefu alisubiri kwa adabu mpaka Ziggy akavuta koti lake na kupisha.

"Misimu mitatu," Cleophus alisema. Hakuna aliyecheka. Nasema hivyo si kwa kutusifu. Tulikuwa tunaona raha mno hata kucheka.

Mpaka leo sijui kama namba sitini na saba alikuja kweli ukutani. Laddie sikumuuliza, na gazeti halikuandika. Kijana kama yule, baada ya ushindi kama ule, na damu usoni, kwa nini amkumbuke mzee mwenye kelele? Lakini Ziggy aliamini, na huenda ndiyo adhabu iliyokuwa kubwa kuliko kiti.

Jumapili iliyofuata tulichapwa, na msimu ukaisha. Jumatatu tulikaa, tukasubiri kwa mazoea mtu aseme "Wazembe". Mlango wa choo ulifunguka, ukamgonga Ziggy goti, na Laddie akatoka akifuta mikono. Akasimama juu yake kidogo.

"Lakini Kabati alicheza vizuri," alisema. "Mchezaji bora wa mstari wote. Au siyo, Ziggy?"

Ziggy alifungua mdomo, akakumbuka kiti alichokalia. Akatazama ndani ya bia yake, akanywa.